Injinia akiacha kazi, nani anamuuliza kwa nini?

Kampuni iliyounda chombo cha kuzamia cha Titan haikuwa kubwa. Ilianzishwa mwaka 2009, makao yake yakawa Everett, jimbo la Washington nchini Marekani, na kauli ya mwisho ilikuwa ya mtu mmoja, Stockton Rush, mwanzilishi mwenza na mtendaji mkuu. Dunia iliisikia Juni 18, 2023, chombo chake kilipopondwa na shinikizo la maji kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic, mita zipatazo 3,800 chini ya bahari ya Atlantiki. Watu watano waliokuwamo, Rush akiwa mmoja wao, walikufa papo hapo. Mengi yamesemwa kuhusu siku hiyo. Yaliyosemwa kidogo, na ambayo kwa maoni yangu yanatuhusu zaidi huku kwetu Tanzania, ni ya miaka mitano iliyotangulia, namna wataalamu wa kampuni hiyo walivyokuwa wakitoka mlangoni mmoja baada ya mwingine na chombo kikibaki.

Alitangulia David Lochridge, mkurugenzi wa shughuli za majini. Januari 2018 aliandika ripoti ya ukaguzi akieleza wasiwasi wake juu ya gamba la nyuzi za kaboni, akataka lipimwe zaidi kabla ya abiria kushushwa nalo. Akafukuzwa. Alipeleka malalamiko kwa wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia usalama kazini, unaoitwa OSHA kama huu wetu. Faili likatembea polepole, kampuni ikamfungulia kesi, na kabla mwaka haujaisha shauri likamalizwa nje ya mahakama. Akafuata Tony Nissen, mkurugenzi wa uhandisi, aliyeondolewa 2019 baada ya gamba la kwanza kukutwa na ufa. Aliwaeleza wachunguzi kwamba alikataa kuliidhinisha, na kwamba alipoombwa kuongoza chombo hicho mwenyewe alijibu kuwa haingii humo. Phil Brooks, aliyeshika nafasi hiyohiyo baadaye, aliondoka mapema 2023. Ushahidi wake ulikuwa kwamba kampuni ilibanwa kifedha hadi wafanyakazi wakaombwa wavumilie bila mshahara kwa ahadi ya kulipwa mbele ya safari, na usalama ukawa unapunjwa. Katikati ya hayo, Julai 2022, mlio mkubwa ulisikika chombo kikipanda kutoka kilindini, na tangu siku hiyo vipimo vilivyofungwa kwenye gamba vikaanza kusoma tofauti. Takwimu zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa nazo na kusema basi. Chombo kikaachwa nje, kwenye maegesho ya magari huko Newfoundland, kikinyeshewa theluji majira mazima ya baridi.

Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, iliyotoka Agosti 2025, ilisema ajali hiyo ingeweza kuzuilika. Ilisema pia kwamba kampuni ilitumia vitisho na kufukuza watu ili wenye hoja za usalama wanyamaze, na kwamba malalamiko ya 2018 yalikuwa nafasi ambayo serikali iliikosa. Mimi nayachukua hayo kama msingi wa hoja moja tu. Katika kampuni ndogo yenye uongozi mbovu, kuondoka kwa injinia ndiyo taarifa ya usalama iliyo wazi kuliko zote, mara nyingi ndiyo pekee, na hakuna mahali popote tunapoiandika. Injinia akiacha kazi leo, kampuni inabandika tangazo la nafasi, yeye anatafuta mkate kwingine, na bodi inayomsimamia haijui hata kwamba amehama. Tunakuja kumtafuta siku jengo likilala chini.

Hali ya huku si ya kuzamia baharini, ni ya kokoto na nondo. Makampuni mengi ya ukandarasi yaliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, yako madaraja ya chini, na mengi ya hayo ni ya mtu mmoja na familia yake. Bosi ndiye anayejaza zabuni, anayekwenda benki, anayejuana na mtu wa halmashauri, anayeagiza lori la mchanga, na anayeamua nani alipwe Jumamosi. Kampuni haiwezi kusajiliwa bila mtaalamu mwenye sifa, kwa hiyo injinia yumo. Lakini yumo kwa namna ya ajabu. Pengine ni vyeti vyake tu vilivyomo, vimekodishwa kwa mwaka, na mwenyewe yuko mkoa mwingine. Kila aliye kwenye fani anaujua mtindo huo na kila kongamano la wahandisi linaulaani. Pengine yumo kweli, kijana aliyemaliza chuo miaka michache iliyopita, yupo saiti kutwa, ana kofia ya plastiki na ramani mkononi, ila hana saini kwenye hundi wala sauti kwenye manunuzi. Sheria inamtambua kama mtaalamu anayewajibika. Stoo inamtambua kama kijana anayeomba vitu.

Tukisikia kampuni mbovu, akili zetu huenda kwa bosi mkali anayetukana watu. Huyo ni kero, lakini majengo hayaporomoki kwa matusi. Ubovu ninaousemea ni wa kimyakimya na unaanzia kwenye fedha. Kampuni inapata kazi ya darasa la shule. Malipo ya awali yakiingia, bosi anayatumia kumalizia kituo cha afya cha mwaka jana ambacho bado hajalipwa, maana serikali inachelewesha, na wenye duka la vifaa wamechoka kumkopesha. Darasa linaanza kwa mkopo mwingine. Injinia anapoomba nondo za milimita 16 kama ramani inavyosema, stoo kuna za 12. Hakuna aliyekusudia kuiba. Hesabu za bosi zimefungana kiasi kwamba kila mradi unalipia dhambi za mradi uliotangulia, na nafasi ya kukata ambayo haionekani kwa macho ni moja tu, ubora.

Tuitazame kazi moja kwa karibu, kumwaga zege la nguzo. Mfuko wa sementi wa kilo 50 ukitiwa lita 25 za maji, uwiano wa maji kwa sementi ni 0.5. Duff Abrams, mtafiti wa Kimarekani, alionyesha tangu 1918 kwamba nguvu ya zege inategemea uwiano huo kuliko kitu kingine chochote: maji yakizidi, nguvu inashuka, na inashuka haraka. Tatizo ni kwamba zege la 0.5 ni zito, halitiririki lenyewe kati ya nondo. Linahitaji vaibreta ya kulitikisa likae. Vaibreta inakodishwa kwa siku, inakunywa petroli, na wiki hii bosi amesema hakuna hela ya kukodi, wachomechome kwa kipande cha nondo. Mafundi wamechukua kazi kwa kipande, jua ni kali, mikono imechoka. Mmoja anaongeza ndoo ya lita 10. Sasa ni lita 35 kwa mfuko, uwiano umefika 0.7, na zege linateleza vizuri kama uji. Mbao zikifunguliwa nguzo inang'aa, mwenye jengo anapiga picha. Maji yaliyozidi yatakauka na kuacha vitundu vidogo visivyohesabika ndani ya nguzo, na sehemu kubwa ya nguvu iliyoandikwa kwenye mahesabu haimo. Katika mlolongo huo wote huwezi kumwonyesha mhalifu kwa kidole. Bosi alibana matumizi, fundi aliwahi muda, kibarua alitii. Injinia peke yake ndiye aliyepaswa kusema simamisheni, na yeye ndiye mtu mwenye madaraka madogo kuliko wote waliopo pale, pengine kumshinda mlinzi tu.

Kuna kipimo, najua. Zege linachukuliwa likiwa bichi, linajazwa kwenye vimolidi vya sentimita 15 kila upande, na vijiwe vinavyotoka humo vinapelekwa maabara kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Ni utaratibu mzuri, na kwenye kampuni inayojiheshimu unafanya kazi. Kwenye kampuni ninayoizungumzia, jibu la siku ya 28 linakuta nguzo imeshabebeshwa ghorofa nyingine juu yake na hati ya madai ya malipo imeshapelekwa kwa mshauri wa mradi. Jibu likija baya, injinia anatakiwa amwendee bosi amwambie tusimame, tuchunguze, huenda tukabomoa. Hapana ya namna hiyo ina bei, na mtu anayetakiwa kuilipa ni yuleyule anayemlipa injinia mshahara. Ndipo ulipozaliwa ujanja unaojulikana saiti nyingi wa kuchanganya zege maalumu, lenye sementi ya kutosha, kwa ajili ya vijiwe vya maabara tu. Vijiwe vinafaulu mtihani ambao jengo halikuufanya.

Msomaji atauliza sheria iko wapi. Iko, na kwenye karatasi ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kumwagiza, wala kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na hatari kwa usalama wa watu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa taarifa chini yake. Kwa hiyo injinia wa Tanzania ana haki ya kusema hapana. Tatizo ni hali anayokuwa nayo siku anapotaka kuitumia. Mkataba wake ni wa mdomo. Mshahara wa miezi miwili au mitatu uko kwa bosi, na bosi hausemi kama deni, anausema kama hisani inayokuja. Makato ya NSSF yamekatwa kwenye karatasi ya mshahara ila akaunti ya mfuko haijaona kitu. Akifukuzwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo anazimaliza akibembeleza malimbikizo yake, akijua kwamba akifungua shauri ndiyo ameaga hela. Juu ya yote, fani yenyewe ni ndogo. Wakandarasi wa mkoa mmoja wanakutana kwenye ufunguzi wa zabuni moja, na sifa ya kuwa injinia msumbufu inasafiri haraka kuliko wasifu wake.

Malimbikizo hayo ya mshahara yanastahili kutazamwa tena, kwa sababu tumezoea kuyaona kama suala la kazi na ajira, la Wizara nyingine na ukurasa mwingine wa gazeti. Mimi naona ni suala la uhandisi. Mtu anayekudai hawezi kukukagua. Injinia mwenye miezi mitatu kwa bosi amegeuka mkopeshaji wa kampuni, na kama mkopeshaji yeyote anaomba mradi uishe, hati ya malipo isainiwe, fedha itoke, apate chake. Maslahi yake yamehamia upande uleule wa watu aliowekwa awazuie. Ndiyo maana ule ushahidi wa Brooks kuhusu mishahara kusogezwa mbele kule Everett ulinigusa kuliko habari za gamba. Mshahara ulipoanza kucheleweshwa, breki ya mwisho ya kampuni ilikuwa imeshalegea.

Basi anaondoka. Anaondoka kistaarabu, kwa barua ya mistari minne yenye shukrani, kwa kuwa anahitaji jina zuri na bado anadai. Wiki mbili baadaye amekuja mwingine, mdogo kwa umri, mwenye njaa zaidi, ambaye hajui kwamba nguzo za upande wa mashariki zilimwagwa siku ya ndoo za ziada. Hakuna daftari la saiti la kumwambia. Lililokuwapo lilikuwa la mtangulizi wake, na ameondoka nalo, au halikuwapo kabisa. Makampuni makubwa nayo yanaua, tusidanganyane. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986 na kuua watu saba, kiwanda kilichotengeneza roketi zake kilikuwa kikubwa na wahandisi wake walikuwa wamepinga usiku uliotangulia wakazidiwa nguvu na mameneja wao. Lakini mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika waraka wa onyo tangu Julai 1985, na waraka ulikuwa kwenye faili tume ya uchunguzi ilipouhitaji. Kampuni ndogo haina hata faili hilo. Ujuzi wake wote umo kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo anatoka getini na begi lake mgongoni.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji sheria mpya ya kusubiriwa miaka. Injinia anayetajwa kwenye usajili wa kampuni ya ukandarasi akiondoka, kwa kuacha au kuachishwa, ajaze fomu ya ukurasa mmoja aipeleke Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Aulizwe alikuwa kwenye miradi ipi. Aulizwe kama kuna maagizo ya kitaalamu aliyoyatoa kwa maandishi yasitekelezwe, na kama kuna kitu alichokataa kukisaini. Aulizwe kama anadai mshahara, na wa miezi mingapi. Kampuni nayo itoe maelezo yake kwenye fomu ileile. Bodi isikimbilie kila fomu; itazame mwenendo. Kampuni iliyopoteza wahandisi wawili ndani ya mradi mmoja, au injinia mmoja aliyeandika kwamba alikataa kusaini, hiyo ipelekewe mkaguzi kabla zege halijapandishwa juu zaidi, na CRB ipewe nakala. Kampuni isiruhusiwe kuweka jina jipya kwenye usajili hadi fomu ya jina la zamani imefika. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chenye meno, maana bila jina jipya hakuna zabuni, na zabuni ndiyo lugha anayoisikia bosi wa aina hii.

Pingamizi la kwanza nalijua kabla halijasemwa: wafanyakazi wenye hasira watatumia fomu kulipiza kisasi. Wengine watajaribu. Lakini ndiyo maana swali linahusu maagizo ya maandishi. Anayesema leo kwamba alikataza jambo Machi, aonyeshe daftari la saiti la Machi, au ujumbe wa simu wenye tarehe, au barua kwa mshauri wa mradi. Kisasi huwa hakina karatasi ya miezi sita iliyopita. Na hapa kuna faida ambayo pengine ni kubwa kuliko fomu yenyewe: injinia akijua kwamba siku moja ataulizwa, ataanza kuandika tangu siku ya kwanza, na bosi akijua kwamba kijana wake anaandika, ile ndoo ya ziada itafikiriwa mara mbili. Nakiri kwamba wapo wahandisi watakaoandika kila kitu kwa ajili ya kujikinga, wajaze madaftari ya lawama badala ya kusimamia kazi. Afadhali hao kuliko ukimya tulio nao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na linatoka kwa wakandarasi wenyewe. Wanasema wazawa wanabanwa kila upande. Wanadai serikali fedha za kazi walizomaliza, benki zinawatoza riba ya kuvunja mgongo, ada za bodi na leseni hazipungui, na sasa mwandishi wa gazeti anawaletea fomu nyingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imekusudia kuwapa nafasi kubwa zaidi kwenye miradi ya nchi yao; kwa nini tuwawekee kigingi wakati ndiyo wanaanza kusimama? Sehemu ya hoja hii naikubali yote. Ucheleweshaji wa malipo ya serikali ni chanzo cha ubovu mwingi nilioueleza, na halmashauri inayokaa na hati ya malipo miezi minane inashiriki kumwaga lile zege la majimaji, hata kama haitatajwa siku ya msiba. Ningependa fomu hiyo iwe na mstari wa bosi kueleza anadai nani na tangu lini, iwe ushahidi upande wake pia. Ila kuipunguzia kampuni usimamizi kwa sababu ni ya mzawa ni kumkosea mzawa mwingine, yule atakayepanga chumba cha juu. Na anayeumia kwanza na hali ilivyo ni mkandarasi mwaminifu, anayekodi vaibreta, anayelipa mishahara tarehe 30, halafu anashindwa zabuni na mwenzake mwenye bei ya chini ambaye siri ya bei yake iko kwenye ndoo.

Wapo pia wanaosema tatizo ni wahandisi waoga. Injinia wa kweli, wanasema, angesimamisha kazi, na kama bosi hataki angeacha kazi siku hiyohiyo. Siku hizi vijana wanasaini chochote. Kauli hii inapendwa sana na wazee wa fani waliostaafu na pensheni zao, nami nawaheshimu, lakini Titan inaijibu vizuri kuliko ninavyoweza. Lochridge hakuwa mwoga. Nissen hakuwa mwoga. Walikataa, wakaondolewa, na kile chombo kikaendelea kushusha watu. Ujasiri wa mtu mmoja unaokoa dhamiri yake na cheti chake. Hauokoi abiria. Kinachoweza kuwaokoa ni ujasiri huo kufika mezani kwa mtu mwenye mamlaka ya kuzuia, na kufika mapema. Tukiishia kuwasifu wanaoacha kazi, tunajenga utaratibu ambao waangalifu wote wanatoka kwenye makampuni mabovu na kuyaacha mikononi mwa wasiojali. Wazo la kwamba fani itajisafisha kwa wema kuhama na wabaya kubaki sijui lilitoka wapi.

Upande wa bosi nao usikilizwe, maana kuna wahandisi wanaosumbua kweli. Yupo anayepanga nondo mara mbili ya zinazohitajika ili alale usingizi, kwa gharama ya mtu mwingine. Yupo asiyejua bei ya mfuko wa sementi dukani wala hajawahi kulala akiwaza mkopo wa benki uliowekewa dhamana ya nyumba. Bosi aliyekulia kwenye ufundi, aliyeanza na toroli akafika kusajili kampuni, anapomwona kijana huyo anamkataza jambo bila kueleza, anakasirika, na si kila hasira yake ni ya kijinga. Dawa ni injinia kusema hapana kwa hesabu. Aseme nguzo hii itabeba tani kadhaa, ikiwa na zege la uwiano huu itabeba pungufu ya hizo, kukodi vaibreta siku mbili ni shilingi kadhaa, kuvunja na kumwaga upya ni mara ishirini ya hizo. Rush mwenyewe alisomea uhandisi wa anga Princeton, kwa hiyo elimu ya bosi peke yake si kinga. Lakini hapana iliyoandikwa kwa tarakimu, hata ikikataliwa, inabaki kuwa kitu ambacho mtu wa tatu anaweza kukisoma na kuamua nani alikuwa sahihi. Hapana ya mdomo inabaki kuwa ugomvi.

Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka lingine Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Nairobi wanakumbuka jengo lililoporomoka Huruma, Aprili 2016. Sidai kwamba yote matatu yalikuwa na injinia aliyenyamazishwa. Kila moja lina sababu zake na mkono wa wenye majengo na wa mamlaka za vibali ulikuwa mrefu. Ninachosema ni kwamba kila mara tunaunda tume baada ya maziko, na tume inaanza kwa kutafuta watu waliowahi kufanya kazi pale, iwaulize waliona nini. Maswali hayohayo yanaweza kuulizwa miezi mingi kabla, kwa simu, kwa gharama ya vocha.

Limebaki swali la nani alipe gharama na nani aadhibiwe. ERB inakusanya ada ya kila mwaka kutoka kwa kila injinia aliyesajiliwa, ina namba zao za simu, na kila Septemba inawakusanya kwa Siku ya Wahandisi na kuwaapisha wapya mbele ya viongozi wa nchi. Uwezo wa kufuatilia nani kahama kutoka wapi inao. Adhabu ningeiweka kwa kampuni inayozuia fomu, na kwa injinia anayekodisha vyeti, kwa kuwa huyo hana cha kujaza: hakuwahi kufika saiti. Kijana aliyeondoka bila kujaza kwa kuogopa mshahara wake nisingemwadhibu mwaka wa kwanza. Ningempigia simu, nimuulize anadai miezi mingapi, na mkaguzi wangu angekwenda kwanza kwenye saiti ile ambayo yeye asingetaka kuizungumzia.